Matumaini ya Mkiani

Katika kabumbu kuna matumaini ya aina mbili, na ya pili hayazungumzwi sana. Ya kwanza ni ya shabiki ambaye timu yake inaparamia kilele cha jedwali. Matumaini hayo hujitangaza yenyewe: huvaliwa kifuani, huimbwa ndani ya matatu, huandikwa kwa rangi kwenye kuta za vibanda. Ya pili ni ya shabiki ambaye timu yake inavuta mkia. Huyu haombi kombe wala medali. Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, na 3 za mwisho huteremshwa daraja kila msimu. Kwa hivyo dua yake yote, mchana kutwa na usiku kucha, ni kuipata nafasi ya 17. Ni ombi dogo mno, na labda ndiyo sababu linaumiza. Mtu akinyimwa kikubwa husema hakikuwa riziki yake, lakini akinyimwa kidogo hana la kujiliwaza.

Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Hawakusema lolote kuhusu mtu aliyesimama nchi kavu, maelfu ya kilomita kutoka ufuoni, ambaye hutapatapa kwa niaba ya mfa maji asiyejua hata kwamba yupo. Mtu huyo ndiye anayezungumziwa hapa.

Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili huko Kakamega. Alizaliwa mwaka wa 1987, mwaka ambao Everton ya jijini Liverpool ilitwaa ubingwa wa Uingereza kwa mara ya tisa, na ya mwisho hadi leo. Hakulijua hilo hadi alipokuwa mtu mzima, na alipolijua alicheka kicheko kisicho na furaha, kama mtu anayegundua kwamba alizaliwa siku moja baada ya karamu.

Alivyoangukia mikononi mwa klabu hiyo ni kisa kifupi. Tarehe 19 Oktoba 2002, akiwa kidato cha pili, alilipa kiingilio katika kibanda cha video sokoni ili atazame Arsenal. Kibanda kizima kilikuwa cha Arsenal, naye pia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba inawezekana kuwa kitu kingine. Arsenal walikuwa hawajashindwa katika mechi 30 za ligi. Mambo yakiwa 1-1 na dakika zikiyoyoma, mvulana mmoja wa Everton aliyeingia kama mchezaji wa akiba aliupokea mpira kwa utulivu, akageuka, akauachilia mkwaju uliompita David Seaman juu ya kichwa na kugonga mwamba kabla ya kutua wavuni. Mvulana huyo, Wayne Rooney, alikuwa angali na umri wa miaka 16. Kibanda kilinyamaza kama matanga. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyesimama na kupiga kelele, kisha akatazama nyuma na kugundua kwamba sauti ilikuwa yake. Wenzake wakamtoa nje, nusu kwa mzaha na nusu kwa hasira. Alipotoka hakuwa tena shabiki wa Arsenal.

Mwishoni mwa Agosti 2004, Rooney aliuzwa kwa Manchester United. Marafiki walimshauri kijana ahame naye, maana huko ndiko kulikokuwa na makombe. Aliwajibu kwamba hakuwa amemposa Rooney. Jibu hilo lilichekesha wakati huo. Baadaye, misimu ilipozidi kupita bila kombe lolote, liligeuka kuwa kiapo.

Haiwezekani kumweleza mwalimu huyu bila kumtaja babake, kwa sababu mzee ndiye aliyelionja kwanza lile ambalo mwanawe alikuja kuliogopa. Mzee ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, klabu iliyoundwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya United. Ujana wake aliupitisha Nairobi, na siku ambazo hakuweza kufika uwanjani aliukumbatia redio. Katika redio hiyo ndimo alimosikia sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela ikikimbia pamoja na mchezaji, ‘Kadenge na mpira, Kadenge na mpira’, hata msikilizaji akahisi kwamba mpira uko mguuni mwake mwenyewe. Huenda mtafiti wa fasihi simulizi akauliza siku moja ni wangapi waliokipenda Kiswahili kupitia njia hiyo kabla ya kukutana na kitabu chochote. Mwalimu mwenyewe hukiri kwamba tashbihi na takriri zake za kwanza alizisikia kinywani mwa babake akiwaiga watangazaji, si darasani.

Mwaka wa 2006, Ingwe iliteremshwa daraja. Klabu iliyokuwa imetwaa ligi ya Kenya mara nyingi, na ambayo ilikuwa bingwa mwaka wa 1998, ilijikuta nje ya ligi kuu na haikurejea hadi msimu wa 2009. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 19. Anakumbuka kwamba mzee hakulia wala hakulaani. Alikunja jezi yake, akaiweka chini ya magodoro, na kwa muda wa majuma mawili redio ya nyumbani haikuwashwa. Kisha Jumamosi moja akaifukua jezi hiyo, akaivaa ikiwa na mikunjo yake yote, akatoka. Aliporudi jioni alisema kwamba alikuwa ameitazama Ingwe katika uwanja usio na ukuta, na kwamba ng'ombe wawili walivuka katikati ya kipindi cha pili bila kuulizwa tiketi. Hakusema walishinda au walishindwa. Mwanawe naye hakuuliza.

Kwa miaka mingi baba na mwana waliishi na timu mbili katika nyumba moja, kila mmoja akiiona ya mwenzake kuwa ya kuonea huruma. Ndipo ikatokea sadfa ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka wa 2017, kampuni ya SportPesa ikawa mdhamini wa Everton, na tarehe 13 Julai mwaka huo Everton ikacheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam. Rooney alikuwa ndio kwanza amerudi nyumbani baada ya miaka 13, akafunga bao kutoka mbali. Jacques Tuyisenge alisawazisha, lakini Everton ikashinda 2-1. Mzee, ambaye hajawahi kuitakia Gor Mahia heri hata siku ya Krismasi, alitazama mechi hiyo hadi mwisho na kusema kwamba hawa vijana wa Liverpool ni watu wazuri. Novemba 2018, Gor Mahia walipofunga safari hadi uwanja wa Goodison Park na kufungwa 4-0, aliitisha chai ya maziwa.

Mwalimu ameiona Everton kwa macho yake mara moja tu maishani. Julai 2019 alipanda basi la usiku hadi Nairobi ili aitazame ikicheza na Kariobangi Sharks pale Kasarani. Mechi iliisha 1-1, na Sharks wakashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Uwanja ulilipuka kwa furaha, Wakenya kwa maelfu wakisherehekea kama ilivyostahili, na katikati yao akawa ameketi mtu mmoja wa shati la buluu ambaye hakujua ashangilie au asikitike. Siku hiyo hiyo, tarehe 7 Julai, Joe Kadenge aliaga dunia. Mzee alipopiga simu jioni hakuuliza Everton ilikuwa imecheza vipi. Alisema tu, ‘Mwanangu, Kadenge ametuacha,’ na wote wawili wakanyamaza kwenye laini kwa muda mrefu, huku basi likianza kuondoka.

Kilichokuja baadaye ni miaka ya mkiani. Everton haijawahi kuikosa ligi ya daraja la juu tangu iliporejea humo mwaka wa 1954, lakini mali iliyotumika ovyo, makocha walioajiriwa na kufutwa, na wachezaji walionunuliwa kwa bei ya dhahabu wakacheza kama bati, viliisukuma hadi ukingoni. Tarehe 19 Mei 2022 walikuwa nyuma 0-2 nyumbani dhidi ya Crystal Palace kufikia mapumziko. Michael Keane akarudisha moja, Richarlison la pili, na zikiwa zimebaki dakika tano Dominic Calvert-Lewin akaruka na kulitia la tatu kwa kichwa. Kwa saa za huku ilikuwa karibu saa sita usiku. Majirani wa mwalimu walidhani amevamiwa.

Aliamini kwamba hayo yalikuwa ya mara moja tu. Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuitazama lugha ya shabiki wa namna hii, maana ina sarufi yake. Shabiki wa timu inayoongoza husema kwa wakati ujao: tutashinda, tutabeba, mtatuona. Shabiki wa mkiani hana -ta-. Huishi ndani ya -ki-: tukishinda, Leeds wakitoka sare, Leicester wakifungwa. Akichoka na -ki- huhamia kwenye -nge-: tungempata mshambuliaji, refa angetazama vizuri. Na usiku, taa zikishazimwa, humbakia -ngali-. Mwalimu ni mkali sana kuhusu viambishi hivi viwili vya mwisho. Hakuna kosa ambalo kalamu yake nyekundu hulivizia kama la kuvichanganya katika sentensi moja, mwanafunzi anapoandika ‘ningekuja ningalimwona’. Huwaambia wanafunzi kwamba -nge- huuacha mlango wazi, jambo laweza kuwa bado, ilhali -ngali- huufunga na kuutia kufuli. Anayevichanganya, husema, hajui kama yumo ndani ya nyumba au yuko nje.

Katika chumba cha walimu, meza iliyo mkabala na yake ni ya mwalimu wa Fizikia, shabiki wa Leicester City. Wapo waliomcheka kwa kuipenda timu hiyo mwaka wa 2016, ilipotwaa ubingwa ambao hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeutabiri. Walidhani angeiacha baada ya msimu mmoja. Hakuiacha. Kati ya walimu wote, wao wawili ndio pekee waliokuwa na timu zisizokuwa na mwenyewe, na kwa sababu hiyo walikuwa marafiki: waligawana gazeti, na walichekwa pamoja kila Jumatatu asubuhi. Kufikia Aprili 2023 wote wawili walikuwa wamekuwa wataalamu wa jedwali, lakini jedwali lililogeuzwa juu chini, ambalo wao hulisoma kuanzia mstari wa 20 na kupanda.

Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, timu zao zilikutana nyumbani kwa Leicester. Mwalimu wa Fizikia alimwalika mwenzake kwake. Mke wake alipika kuku, na kuku huyo alipoa mezani. Calvert-Lewin alifunga kwa penalti, Leicester wakarudisha na kuongeza la pili kupitia Jamie Vardy, na muda mfupi kabla ya mapumziko wakapewa penalti yao. James Maddison akaweka mpira. Kipa wa Everton, Jordan Pickford, alikuwa ameandikiwa kwenye chupa yake ya maji maelekezo kuhusu kila mpigaji, na kwa Maddison aliagizwa asimame katikati. Alisimama. Mpira ukaja katikati. Katika kipindi cha pili Alex Iwobi akasawazisha, ikawa 2-2.

Matokeo ya sare yaliwaudhi wote wawili, wakala kuku baridi bila kusema mengi. Umuhimu wa penalti ile haukuonekana hadi hesabu ya mwisho. Msimu ulipoisha, Everton ilikuwa na alama 36 na Leicester 34. Maddison angalifunga, na Leicester wangaliulinda ushindi huo, Leicester wangalimaliza na 36 na Everton 35. Maneno machache yaliyobandikwa kwenye chupa ya plastiki yaliamua ni klabu ipi itabaki na ni ipi itakayoondoka. Wanaosema kwamba maandishi hayana nguvu kama zamani wafikirie chupa hiyo.

Ndivyo ilivyofika Jumapili ya tarehe 28 Mei. Everton walikuwa na alama 33, Leicester na Leeds 31 kila mmoja. Southampton walikuwa wameshakwenda. Ni mmoja tu kati ya hao watatu angebaki. Everton walikuwa na mechi na Bournemouth nyumbani. Wakishinda, yaliyotokea kwingineko hayakuwa na uzito. Wakitoka sare na Leicester wawafunge West Ham, timu hizo mbili zingelingana kwa alama na Leicester wangepita kwa tofauti ya mabao. Calvert-Lewin alikuwa majeruhi, na kocha Sean Dyche hakuwa na mshambuliaji wa kati wa kuaminika.

Mechi zote zilianza kwa pamoja saa kumi na mbili unusu jioni, saa za Kenya. Walimu hao wawili walikwenda katika ukumbi mmoja mjini wenye runinga kubwa tatu, wakaomba moja. Walikataliwa kwa heshima. Runinga moja ilikuwa ya Arsenal na Wolves, nyingine ya Manchester United na Fulham, na ya tatu ilikuwa ya bingwa, Manchester City, ingawa ubingwa wenyewe ulikuwa umeshaamuliwa wiki iliyotangulia. Mechi ambazo hazikubadilisha chochote zilijaza ukumbi. Zile zilizokuwa zikiamua hatima ya watu zilitazamwa kwenye simu mbili za mkononi, pembeni, kando ya mlango wa jikoni, na wanaume wawili waliokuwa wameunganisha data walizonunua kwa kuchanga.

Kwa hatima ya watu haimaanishwi mioyo ya mashabiki pekee. Klabu ikishuka, fedha za runinga hupungua mno, wachezaji huuzwa, na wanaofuata ni wale wasiotajwa na watangazaji: karani wa tiketi, mpishi, mfagizi wa uwanja. Everton wakati huo walikuwa wakijenga uwanja mpya ufuoni mwa mto Mersey, na hakuna aliyejua ungelipiwa vipi na timu ya daraja la pili. Mwalimu alikuwa ameyasoma hayo yote. Lakini atakayesema kwamba alikuwa akimwombea mfagizi wa Liverpool dakika ile atakuwa anamsingizia wema.

Dakika ya 34, Harvey Barnes aliwafungia Leicester. Kwenye simu ya kushoto palikuwa na shangwe. Kwenye ya kulia Everton walikuwa 0-0, na kwa hesabu ya wakati ule walikuwa wameshuka. Mwalimu wa Fizikia hakushangilia. Alikohoa tu na kuigeuza simu yake kidogo ili mwenzake asiione. Hali ilibaki hivyo kwa zaidi ya nusu saa pamoja na mapumziko, na muda huo ndio mwalimu huulizwa sana na ndio asioweza kuusimulia. Husema tu kwamba alimfikiria babake akiikunja jezi.

Dakika ya 57, mpira ulirushwa ndani ya eneo la Bournemouth, ukatolewa kwa kichwa, ukamdundia Abdoulaye Doucouré mbele ya kijisanduku cha hatari, naye akaupiga bila kuutuliza. Ukaingia. Mwalimu aliruka, akaigonga meza, na soda ikamwagika juu ya suruali ya rafiki yake. Watu wa Arsenal waligeuka na kutazama kule pembeni, wakashangaa ni bao gani hilo lisiloonekana kwenye runinga yoyote.

Kisha ikaja sehemu ambayo mashabiki hawapendi kuikubali. Leicester waliongeza la pili dakika ya 62. West Ham wakarudisha moja dakika ya 79 kupitia Pablo Fornals, na mwalimu wa Kiswahili akajikuta anamshukuru Mungu, kwa sauti, kwa bao lililomkata maini mtu aliyeketi naye bega kwa bega, aliyemkaribisha kwake, na ambaye suruali yake ilikuwa bado mbichi kwa soda. Hayo ndiyo matumaini ya mkiani. Hayajitoshelezi. Anayepigania ubingwa aweza kuomba ushindi wake tu. Anayepigania kubaki ni lazima aombe pia mtu mwingine azame, na mtu huyo ana uso. Mara nyingi uso huo uko mbali, jijini Leicester au Leeds, na ni rahisi kuusahau. Jioni ile ulikuwa umbali wa kiganja.

Mechi ya Leicester iliisha kwa ushindi wa 2-1. Goodison Park mwamuzi wa nne aliinua ubao: dakika 10 za ziada. Simu ya kushoto haikuwa na kazi tena. Mwalimu wa Fizikia aliizima, akasogeza kiti, na wote wawili wakainamia simu moja, mmoja akiomba bao la Bournemouth na mwingine akiomba kipenga, pumzi zao zikiufunika kioo kwa ukungu mmoja. Pickford alipangua mkwaju uliokuwa ukielekea wavuni. Mmoja aliguna na mwingine akashusha pumzi, na mtu aliyesimama nyuma yao asingaliweza kutofautisha sauti hizo mbili.

Kipenga kilipolia mwalimu hakuruka. Aliweka mikono mezani kama mtu aliyemaliza kufanya mtihani. Uwanja wote kule ulikuwa umemwagika ndani, watu wakilia na kukumbatiana kwa sababu ya nafasi ya 17. Rafiki yake alimpa mkono na kusema, ‘Hongera, Mwalimu.’ Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba atakayebaki ndiye atakayelipa. Akalipa, soda iliyomwagika ikiwemo.

Usiku mzee alipiga simu.

‘Mmebaki?’

‘Tumebaki, Baba.’

‘Vyema. Na yule mwenzako wa Fizikia?’

‘Wameshuka.’

Mzee alikaa kimya kidogo. ‘Mwambie Jumamosi ya kwanza ndiyo ngumu. Baada ya hapo atajifunza majina ya miji asiyoijua.’

Mwalimu alimfikishia salamu hizo, na kweli msimu uliofuata rafiki yake alianza kuzungumza kuhusu Plymouth na Preston kana kwamba amewahi kupita huko. Alionekana mwenye furaha kuliko miaka miwili iliyopita, kwa sababu Leicester walikuwa wakishinda. Walimaliza wakiwa wa kwanza katika daraja hilo na kurejea mwaka wa 2024, ijapokuwa walikuja kushuka tena mwaka wa 2025. Everton nao walisalia, wakaaga Goodison Park Mei 2025 na kuhamia uwanja ule mpya.

Lakini katikati ya hayo kulikuwa na asubuhi moja. Tarehe 17 Novemba 2023, tume huru iliipokonya Everton alama 10 kwa kuvunja kanuni za fedha: klabu ilikuwa imepata hasara ya pauni milioni 124.5, ilhali kikomo kilikuwa milioni 105. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa hadi alama 6, lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo. Hasara yenyewe ilihusu kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22. Kosa, kwa maneno mengine, lilikuwa la kabla ya bao la Doucouré, na adhabu ikaja baada yake.

Jumatatu walimu walikuwa wakisimamia mtihani wa kitaifa. Mwalimu wa Kiswahili aliingia katika chumba cha walimu akakuta gazeti limefunuliwa mezani pake kwenye ukurasa wa spoti. Alijiandaa kwa mzaha. Watu wa Arsenal walikuwa wameshaanza. Mwalimu wa Fizikia hakuwa akicheka. Alikuwa ameandika hesabu pembeni mwa gazeti kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo wa maabara: 36 kutoa 10, kisha 34, kisha mstari chini yake. Alimtazama mwenzake kwa muda.

‘Zingekatwa Mei,’ akasema, ‘tungalibaki.’

Mwalimu wa Kiswahili aliisikia sentensi hiyo vizuri, -nge- yake na -ngali- yake. Hakumsahihisha.